Kazi ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu: nianze na masta au na uwakili?

MwanaSheria_Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Namaliza shahada ya kwanza ya sheria mwaka huu na akili yangu yote iko kwenye sheria ya kimataifa ya haki za binadamu: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, au Umoja wa Mataifa. Ushauri ninaopata unagongana. Wapo wanaosema nitafute ufadhili nikasome masta Ulaya moja kwa moja, na wapo wanaosema nisipoapishwa uwakili kwanza nitabaki na cheti cha kutundika ukutani.

Nianze na kipi? Tanzania si ilijitoa Mahakama ya Afrika, sasa Arusha kuna kazi gani tena? Kifaransa ni lazima? Na mtu asiye na uzoefu anaonyesha nini ili apate nafasi ya kwanza? Naomba majibu ya wanaoijua kazi yenyewe, ya kutiana moyo nimeshapata mengi.

WakiliSakina

Mkuu, tuanze na hilo la kujitoa, maana usipolirekebisha mapema litakuumbua kwenye usaili. Tanzania haijatoka Mahakamani. Ilichofuta ni tamko la Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoanzisha Mahakama hiyo, lile linaloruhusu mtu binafsi na asasi kufungua shauri moja kwa moja. Tamko liliwekwa 2010, taarifa ya kulifuta ikatolewa Novemba 2019, na Mahakama ikaamua kwamba kulifuta kunaanza kuwa na nguvu baada ya mwaka mzima, yaani 22 Novemba 2020. Mashauri yaliyoingia kabla ya hapo hayakuguswa. Rwanda ilitangulia kufanya hivyo 2016, Benin na Côte d'Ivoire zikafuata 2020, Tunisia 2025. Kenya na Uganda ziliridhia Itifaki lakini tamko hazijawahi kuliweka.

Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya wa leo anapita Banjul. Tume ikishapokea malalamiko yako inaweza yenyewe kuyapeleka Arusha chini ya Ibara ya 5(1)(a) ya Itifaki. Ndivyo kesi ya Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau nchini Kenya, ilivyofika: ilianza kwenye Tume 2009, ikapelekwa Mahakamani 2012, hukumu ikatoka 26 Mei 2017, na hukumu ya fidia 23 Juni 2022. Kenya iliamriwa kulipa shilingi zake 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara yasiyo ya mali. Kuanzia malalamiko hadi fidia ni miaka 13, na hapo utekelezaji ni vita nyingine. Mtu anayetaka matokeo ya haraka kazi hii haimfai, ajue hilo kabla hajakopa ada.

Mlango mwingine ni kamati za Umoja wa Mataifa, ila lazima uangalie nchi imeridhia nini. Tanzania haimo kwenye Itifaki ya Hiari ya Kwanza ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, hivyo Kamati ya Haki za Binadamu ya Geneva haiwezi kupokea malalamiko ya mtu binafsi dhidi yake. Uganda imo. Lakini Tanzania imo kwenye itifaki ya hiari ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na huko ndiko ilikotoka kesi ambayo ningependa uisome wiki hii: E.S. na S.C. dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa 2015.

Isome kwa ajili ya jambo moja. Ni wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba za waume zao kwa kutumia sheria ya mila ya mirathi ya 1963. Mahakama Kuu ilikiri kwamba sheria hiyo inabagua, lakini ikakataa kuibatilisha. Wakakata rufaa. Rufaa ikakaa miaka minne, na 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa sababu tarehe ya amri ya Mahakama Kuu iliyoambatanishwa ilikuwa na kasoro. Tarehe tu. Walipofika Geneva, serikali ikasema hawajamaliza njia za ndani, wangerekebisha amri na kurudi. Kamati ikakataa hoja hiyo na kusema kuwarudisha kwenye mzunguko ule baada ya miaka yote hiyo kungekuwa kuburuza shauri kupita kiasi. Wajane walishinda, lakini angalia walivyobaki wananing'inia kwenye kosa la karatasi.

Hapo ndipo jibu langu la swali lako la kwanza lilipo: uwakili kwanza. Shauri la kimataifa halitengenezwi Geneva wala Arusha. Linatengenezwa kwenye mwenendo wa kesi wa mahakama ya wilaya, miaka kumi kabla. Kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, ambayo hukumu yake ya Mahakama ya Afrika ya 20 Novemba 2015 inanukuliwa karibu kila siku, ilianzia Mahakama ya Wilaya ya Rombo. Kilichomwokoa ni kwamba kumbukumbu za mahakama zenyewe zilionyesha alikuwa mgonjwa, kesi ikaendelea bila yeye kuwepo, na hakuwa na wakili.

Wakili aliyekaa mahakamani miaka miwili mitatu anajua mambo ambayo darasa la masta haligusi. Anajua kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo, hukumu na amri siku ileile hukumu inaposomwa, na kutunza barua ya maombi yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu nakala ikichelewa miezi minane barua hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba uzembe haukuwa wa mteja. Anajua kulinganisha tarehe ya hukumu na tarehe ya amri kabla ya kuondoka masijala. Anajua kuitaja haki iliyovunjwa kwa jina lake hukohuko chini. Mahakama ya Afrika imelegeza kidogo hapa: imesema mambo ya usikilizwaji wa haki ni fungu moja la haki, ukishakata rufaa hadi juu huhesabiwa kuwa majaji wa ndani walipata nafasi ya kuyaona. Imesema pia kuwa maombi ya mapitio Mahakama ya Rufani na shauri la kikatiba Mahakama Kuu ni njia zisizo za kawaida, si lazima uzipitie kwanza. Lakini hayo ni kwa kesi za jinai zilizofika Mahakama ya Rufani. Ukiwa unapinga sheria yenyewe, usiyategemee.

Na ukipinga sheria yenyewe Tanzania, kumbuka marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi: lazima hati ya kiapo ieleze namna ukiukwaji ulivyomgusa mwombaji yeye binafsi. Kiapo chepesi chenye maneno ya jumla kinatupwa, na kikitupwa serikali itasema Banjul kwamba hukumaliza njia za ndani, ulizikosea.

HojaKwaHoja

Nakubaliana na Sakina kwa mtu anayetaka kusimama mbele ya majaji. Kwa Umoja wa Mataifa hesabu zake nyingine, na wengi wanapoteza miaka kwa kutozijua.

Nafasi za kitaalamu za kimataifa zinaanzia ngazi ya P-2. Tangazo la kawaida linataka masta na uzoefu wa miaka 2. P-3 ni miaka 5, P-4 ni miaka 7. Mwenye shahada ya kwanza pekee hukubaliwa akiongeza miaka 2 juu ya hiyo. Ina maana masta inakununulia miaka miwili, basi. Haikununulii uzoefu. Anayemaliza shahada ya kwanza Julai na masta Septemba mwaka unaofuata, bila kazi katikati, hana sifa ya hata P-2.

Kuna programu ya vijana wataalamu yenye mtihani: umri usizidi miaka 32, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Orodha hubadilika, angalia kila mwaka, usiambiwe na mtu. Nafasi za maafisa wa kitaifa, NO-A na NO-B, ni za raia wa nchi husika tu na ushindani wake ni mdogo kuliko P-2, lakini watu wanazidharau kwa sababu hazina safari. Wanaojitolea kupitia UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, hupewa posho ya kujikimu, na kazi wanayofanya ofisini mara nyingi ni ileile ya afisa. Mafunzo ya vitendo ya Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hayana malipo, kwa hiyo piga hesabu ya chumba na chakula Geneva kabla hujashangilia barua.

Sasa kuhusu fomu. Inspira, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi Umoja wa Mataifa, hailishwi CV uliyoandika kwa ajili ya kampuni ya uwakili. Mchujo wa kwanza ni mtu anayelinganisha tangazo na fomu yako mstari kwa mstari. Ukiandika "nilishughulikia masuala ya haki za binadamu" umekwisha. Andika: "niliandaa hati za viapo na hoja za maandishi katika mashauri matatu ya kikatiba, nilihoji wateja kumi na wawili gerezani na kuandika maelezo yao, nilifuatilia nakala za mwenendo masijala." Kitenzi, idadi, zao la kazi. Kazi ya kujitolea iingize ikiwa na mwezi wa kuanza na wa kumaliza na saa kwa wiki. Kwenye usaili utaulizwa tukio halisi: ulikuwa na hali gani, ulifanya nini wewe, matokeo yakawa nini. Wanasheria wetu hapo hujibu kwa nadharia, wanaanza na Azimio la Haki za Binadamu la 1948. Hakuna aliyeuliza.

Umoja wa Afrika nao una utaratibu wake: nafasi za kitaalamu huzingatia mgao wa kila nchi mwanachama, kwa hiyo unaweza kufaulu na bado nchi yako ikawa imejaa. Mlango mzuri kwa kijana ni programu yao ya vijana wa kujitolea, miaka 18 hadi 35, mkataba wa miezi 12.

Juu ya masta, simpingi Sakina, ila nasema chagua wakati. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, na baada ya masomo urudi nyumbani miaka miwili, kwa hiyo ule ushauri wa kwenda moja kwa moja kwa ufadhili huo unajifia wenyewe. Saa za kujitolea zinahesabiwa. Kwa mtu anayelenga Banjul na Arusha, masta ya haki za binadamu na demokrasia Afrika ya Chuo Kikuu cha Pretoria ina faida kuliko vyuo vingi vya Ulaya: darasa dogo la wanasheria kutoka pande zote za bara, na muhula wa pili unapelekwa chuo kingine cha Afrika. Watu hao thelathini ndio utakaokutana nao kwenye korido za vikao vya Tume maisha yako yote.

Tahadhari ya sasa: tangu Marekani ivunje USAID mwaka 2025, asasi nyingi zimepunguza wafanyakazi, na Umoja wa Mataifa nao unabana ajira. Wenye uzoefu wa miaka minane wanaomba nafasi za miaka miwili. Leseni ya uwakili inakulisha wakati unasubiri, na kwa hilo Sakina kanishinda.

Bi_Nyaraka

Nijibu lile la mwisho, mtu asiye na uzoefu aonyeshe nini. Aonyeshe maandishi.

Ofisi nyingi za haki za binadamu huomba sampuli ya uandishi, kurasa tano hadi kumi. Makosa yanayorudiwa: mtu anatuma tasnifu nzima ya kurasa 90, au sura yake ya historia ya haki za binadamu, au andiko lililosahihishwa na mhadhiri hadi sauti si yake tena. Tuma uchambuzi wa suala moja la kisheria. Mfano: je, mfungwa aliyekaa miaka mitano baada ya hukumu ya Mahakama ya Rufani alifungua shauri Arusha ndani ya muda unaofaa? Hapo huna idadi ya miezi ya kunukuu, kwa sababu Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu hauna. Kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu muda ni miezi minne tangu 2022. Arusha Mahakama huangalia mazingira: kifungo, kutojua sheria, ufukara, kukosa wakili. Na mwombaji lazima aonyeshe jinsi hali hiyo ilivyomchelewesha yeye. Kusema "mteja ni maskini" na kupiga nukta hakutoshi. Suala hilo peke yake linajaza kurasa saba na linamwonyesha msomaji kama unajua kupanga hukumu zinazopishana.

Wakati huohuo jizoeze kufupisha hukumu. Chukua hukumu nne: ya Mtikila kuhusu mgombea binafsi (14 Juni 2013), ya Thomas (2015), ya Waogiek (2017) na ya Ally Rajabu kuhusu adhabu ya kifo ya lazima (28 Novemba 2019). Kila moja kurasa mbili, si zaidi, kwa mpangilio wa Mahakama yenyewe: wahusika, ukweli wa shauri, mamlaka, kupokelewa, kiini, nafuu. Kila sentensi ya kisheria iwe na namba ya aya. Mamlaka na kupokelewa usivichanganye. Mamlaka ni kama Mahakama ina uwezo, kupokelewa ni masharti saba ya Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika. Mwanafunzi anayevichanganya anaonekana ndani ya aya ya kwanza, na msajili msaidizi hana muda wa aya ya pili.

Sharti la tatu kati ya hayo saba huwa linachekesha watu mpaka liwaume: lugha ya matusi dhidi ya nchi au taasisi zake. Hoja yenye "utawala wa kidhalimu usio na aibu" inaweza kukugharimu shauri zima kwenye Tume. Weka tarehe, jina la kituo cha polisi na kilichotendeka. Hasira aione msomaji mwenyewe.

Mutetezi_Bukavu

Ndugu wa Mwanza, jambo. Kuhusu Kifaransa, kwa upande wetu wa Kongo jibu ni ndiyo, hakuna kuzunguka. Faili za mahakama za kijeshi, ripoti za polisi, vyeti vya daktari, vyote viko kwa Kifaransa. Tume na Mahakama ya Afrika nazo hufanya kazi kwa lugha kadhaa na Kifaransa kimo. Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, The Hague, lugha zake za kazi ni Kiingereza na Kifaransa. Lenga kiwango cha B2 chenye cheti. "Kifaransa cha msingi" kwenye CV ni nafasi iliyopotea bure.

Kiswahili chako ni mtaji, ila kipime vizuri. Kwenye kesi za The Hague za Lubanga na Ntaganda, viongozi wa wanamgambo wa Ituri, mashahidi walizungumza Kiswahili cha Ituri, na hicho si cha Mwanza. Usijitolee kutafsiri maelezo ya shahidi wa Bunia kwa kujiamini tu. Maana ikipinda kidogo, wakili wa utetezi ataikuta.

Na hapa niongeze kitu wenzangu hawajagusa, kuhoji mashahidi. Vijana wanakuja na moyo mzuri na simu ya kurekodi, wanahoji mwathirika yuleyule aliyekwisha kuhojiwa na asasi nyingine tatu. Sasa kuna maelezo manne yenye tarehe nne tofauti. Huyo shahidi ameharibiwa. Katika hukumu ya Lubanga ya 14 Machi 2012, majaji walikataa kutegemea ushahidi wa vijana waliosemwa kuwa askari watoto kwa sababu upande wa mashtaka uliwaachia watu wa kati wa hukohuko kazi ya kuwatafuta bila kuwasimamia vya kutosha. Lubanga alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine, lakini wa vijana wale uliwekwa kando.

Kwa hiyo kabla ya kuhoji, uliza nani amekwisha kumhoji. Eleza maelezo yatakwenda wapi na pata ridhaa kwa kila matumizi, tofauti tofauti: kutibiwa, ripoti, mahakama. Jina liwe kwenye daftari moja, maelezo kwenye lingine, namba ya siri iunganishe. Usiulize kwa swali lenye jibu ndani yake. Majeraha mwachie daktari anayefuata Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa kuchunguza mateso. Video za mtandaoni zihifadhiwe kwa kufuata Itifaki ya Berkeley ya 2020: anwani ya ukurasa, saa ya kupakua, faili halisi bila kukatwa.

Kuingia orodha ya mawakili wa The Hague kunataka uzoefu wa miaka 10. Msaidizi wa wakili miaka 5. Kule kwetu, mahakama za kijeshi hutembea hadi vijijini na zimetumia zenyewe Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya The Hague. Hukumu ya Kavumu ya Desemba 2017 kuhusu ubakaji wa watoto ilitolewa palepale Kavumu. Jinai ya kimataifa unaweza kuifanya bila kupanda ndege ya kwenda Ulaya.

MwanaSheria_Mwanza

Asanteni sana, nimeelewa kuliko mwaka mzima wa darasani. Swali dogo la mwisho: hakuna aliyeitaja Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Kwa wakili mpya haina maana?

WakiliSakina

Ina maana kubwa, na pengine ndiyo ya kwanza kwako. Wakili mwenye haki ya kusimama katika mahakama kuu ya nchi mwanachama anaruhusiwa kusimama pale, hakuna miaka kumi ya kusubiri. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua, tamko halihitajiki, na hulazimiki kumaliza njia za ndani. Mkataba wa Jumuiya haujaipa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, hivyo usiandike "haki ya mteja imevunjwa." Andika kwamba nchi imekiuka utawala wa sheria na misingi ya Ibara ya 6(d) na 7(2). Tangu kesi ya Katabazi ya 2007 Mahakama imekuwa ikipokea hoja za namna hiyo.

Kinachoua mashauri pale ni Ibara ya 30(2): miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua. Haiongezwi. Kwenye rufaa ya Mlima Elgon ya 2012, kitengo cha rufaa kilikataa hoja kwamba ukiukwaji unaoendelea unasukuma mbele tarehe ya kuanza kuhesabu. Mteja akiingia ofisini, swali la kwanza ni siku gani, na liandike juu ya jalada kwa wino mwekundu kabla hujamuuliza jingine.